Tusiyaache Maneno ya Nyumbani

Watu wengi wakaao Arusha husema Kimaa kila siku, nao hawajui. Konda wa daladala aitaye "Ngarenaro! Ngarenaro!" anawaita watu kwenye maji meusi, maana jina hilo latoka katika maneno mawili, engare narok. Mgeni apandaye gari la kwenda Ngaramtoni anakwenda kwenye maji ya ndege: engare ni maji, na olmotonyi ni ndege. Upande wa pili wa mlima, Ngarenanyuki ni maji mekundu. Elerai yatukumbusha mti wa olerai, yaani ule mgunga wenye gome la manjano upendao mahali penye maji. Olorien yatukumbusha oloirien, mzeituni wa porini, ambao kaa lake mama zetu hulitumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Oldonyo Sambu ni mlima wa rangi za mchanganyiko, kama ngozi ya ng'ombe mwenye mabaka.

Majina haya tumeyarithi, lakini maana yake twaiacha njiani. Ndiyo sababu nimeona yafaa leo niseme kidogo juu ya maneno ya kila siku ya Kiarusha, ambacho ni Kimaa cha Waarusha, watu walioanza kulima katika miteremko ya mlima Meru karibu na miaka ya 1830. Jirani zetu Wameru, upande wa mashariki wa mlima, wana lugha yao iliyo karibu na Kimachame, wala haifanani na yetu hata kidogo. Naamini hata wao, na ndugu wengine wenye lugha nyingine, wataona kwamba nisemayo yanawahusu. Kenya maneno haya huandikwa kwa n na k, kama enkare. Sisi huku twatamka engare, nami nitayaandika kama tuyatamkavyo.

Tuanze na salamu, maana mtu hawezi kuingia nyumbani pasipo kupita mlangoni. Katika Kiarusha salamu si moja kwa watu wote. Mwanamume huambiwa "Supai," naye hujibu "Epa." Mwanamke huambiwa "Takwenya," naye hujibu "Iko." Mtoto hasemi mengi, huinamisha kichwa, na mzee humwekea mkono utosini. Tena mara nyingi kabla ya salamu humwita mtu kwa jina la heshima limpasalo: mama ni yeyo, baba ni papa, bibi ni koko, na mvulana huitwa "Ero." Mtu akiisha kuwa na mtoto, hapendi kuitwa kwa jina lake tupu, ataitwa menye fulani, yaani baba wa fulani, au ng'oto fulani, mama wa fulani. Basi huwezi kutoa salamu ukiwa umegeukia upande mwingine. Ni lazima kwanza umtazame aliye mbele yako, umjue kama ni mume au mke, mkubwa au mdogo, na wewe ni nani kwake. Kazi hiyo ya kumtazama mwenzako na kumpa haki yake ndiyo iitwayo enganyit. Kwa Kiswahili twasema heshima, na si vibaya, lakini enganyit hufundishwa katika salamu kabla mtoto hajajua kulitaja neno lenyewe.

Sasa tuingie ndani. Katika lugha hii vitu navyo vina uume na uke. Neno likianza na ol, mara nyingi ni la kiume au la kitu kikubwa. Likianza na en, ni la kike au la kitu kidogo. Oldoinyo ni mlima, na endoinyo ni kilima. Olalem ni sime, na engalem ni kisu. Mtoto aliyezaliwa mjini, akitumwa na bibi yake kuleta engalem ya kumenyea ndizi, aweza kurudi na sime akiwa ameishika kwa mikono miwili. Watu watacheka, naye atacheka. Hapo hakuna hasara. Lakini maneno mengine hayana mchezo.

Chukueni neno Engai. Ndilo jina la Mungu. Lakini mkulima akisimama kizingitini mwezi wa Machi na kuona matone ya kwanza, husema "Esha engai," yaani mvua inanyesha. Mungu na mvua wameitwa kwa jina moja. Wamisionari wa Leipzig waliofika Ilboru mwaka 1904 hawakuleta jina jipya la Mungu. Walilikuta hili, wakalitumia, nasi twalitumia mpaka leo. Mtoto asiyelijua neno hili atasali vema kabisa kwa Kiswahili, na Mungu atamsikia. Lakini hatajua kwa nini babu yake huvua kofia mvua inapoanza.

Au chukueni olchani. Ni mti, na pia ni dawa. Mzee akikuuliza kama umekunywa olchani, hakuulizi kama umekunywa mti. Au sidai: ni chema, na pia ni kizuri cha kupendeza macho. Kule ni maziwa, na ni neno la wingi siku zote, kana kwamba haiwezekani maziwa yakawa ya mtu mmoja. Ashe ni asante. Ashe oleng, asante sana. Haya ni maneno madogo, mtu aweza kuyajifunza kwa juma moja.

Lakini yapo maneno ambayo hayawezi kufundishwa kwa kuweka neno moja la Kiswahili mbele yake. Mtu akimpa mwenzake ng'ombe kwa upendo, kuanzia siku hiyo huweza kuitana pakiteng', maana engiteng' ni ng'ombe. Akimpa ndama, huitana paashe. Akimpa kondoo, paker. Jina la zawadi huwa jina la watu. Ng'ombe atakufa, atauzwa, ataliwa katika arusi, lakini wale wawili wataendelea kuitana hivyo mpaka uzeeni, na watoto wao watasikia na kuuliza sababu. Je, utaliwekaje hili katika Kiswahili? Waweza kusema "rafiki," lakini rafiki hakumbushi kitu kilichotolewa, wala siku kilipotolewa.

Katika maneno ya namna hii, kubwa kuliko yote ni osotua. Maana yake ya kwanza ni ile kamba ya kitovu imuunganishayo mtoto na mama yake kabla ya kuzaliwa. Maana yake ya pili ni kifungo kilichopo kati ya watu waliokubali kusaidiana: mmoja akiwa na shida humwendea mwenzake na kumwomba, naye humpa kadiri awezavyo, wala hahesabu kama deni. Maana yake ya tatu ni amani na agano. Biblia nzima ya Kimaa iliyotolewa mwaka 1991 huliita Agano Jipya Osotua Ng'ejuk. Yaani wafasiri walipotafuta neno la kuonyesha jinsi Mungu alivyojifunga na wanadamu, walichukua lile la mtoto tumboni mwa mama yake. Martin Luther mwenyewe, alipoeleza kazi yake ya kufasiri Biblia katika barua ya mwaka 1530, alisema kwamba mfasiri hana budi kumsikiliza mama nyumbani, watoto njiani na mtu wa kawaida sokoni. Nadhani wafasiri wa Kimaa walifanya vivyo hivyo.

Sasa nitawaeleza jambo lililotokea katika usharika wetu miaka michache iliyopita, nikibadili mambo madogo ili wahusika wasijulikane. Kazi yangu ni ukarani, na kikao kilichohusika nilikiandikia muhtasari.

Mama mmoja mjane alikuwa na shamba la migomba lililopakana na shamba la shemeji yake. Shemeji huyo ni mzee, na kwa sababu ya ugonjwa alikuwa amehamia kwa mwanawe mjini. Wana wake walitaka kuuza sehemu ya shamba mpaka kwenye mfereji, na mpaka wa upande ule haukuwa wazi. Mama alisikia, akahuzunika. Alimwita mjukuu wake, kijana wa chuo, akamtuma awapigie simu. Alimwambia kwa Kiarusha kwamba yeye hashindanii ukanda wa shamba; atakacho ni kwamba kati ya nyumba zile mbili idumu osotua, kama ilivyokuwa siku za baba zao.

Kijana huyo ana akili nzuri na tabia njema. Lakini Kiarusha chake kilikuwa cha chakula na mifugo. Neno osotua alikuwa amelisikia mara moja tu, mbuzi alipozaa. Basi akasema katika simu: "Bibi anasema kati ya nyumba hizi kuna kitovu."

Wale wa mjini, nao wasiojua Kiarusha, walisikia Kiswahili, na kwa Kiswahili wote twajua mtu husema nini anapotaja kitovu chake. Husema kimezikwa mahali fulani, yaani hapo ndipo kwake hasa. Wakaona kwamba mama anadai shamba lile ni lake kwa kuzaliwa. Wakakasirika. Mmoja akajibu: "Kitovu chake kimezikwa kwao alikozaliwa. Hapa aliolewa."

Mama wa miaka sabini na zaidi, aliyezaa na kuzika katika boma lile, akaletewa jibu hilo. Hakulia, ila tangu siku hiyo alikataa kutaja jina la nyumba ile. Muda wa miezi minane hawakusalimiana. Jirani alipofiwa, walikaa mbalimbali. Barua ya kupeleka shauri katika baraza la kata ilikuwa imekwisha andikwa. Na muda huo wote mzee mwenyewe, ambaye angelijua neno lile mara moja, hakuambiwa kitu, kwa kuwa wana wake hawakutaka kumsumbua katika ugonjwa wake.

Wazee wa usharika wakawaita wote. Kila upande ulisema kwa Kiswahili, na kadiri walivyosema ndivyo hasira ilivyozidi. Ndipo mzee mmoja wa kanisa alipomgeukia mama, akamwambia, "Yeyo, tusahau yaliyosemwa kwenye simu. Tuambie kwa kinywa chako ulimtuma mtoto aseme neno gani." Mama akasema. Yule mzee akanyamaza kidogo, kisha akachukua Biblia ya Kimaa, akaifungua mahali Agano Jipya linapoanza, akawapa wale wana waisome wenyewe kichwa cha ukurasa ule. "Hilo ndilo neno la mama yenu," akasema. "Hakudai shamba. Amewaomba agano."

Wakapiga simu kwa mzee mgonjwa, wakamwekea mama simu sikioni. Waliongea kwa Kiarusha kama dakika kumi. Sitaandika waliyosema, kwa kuwa hayakuwa yetu. Mpaka haukumalizwa siku ile. Ulipimwa upya majuma matatu baadaye, na kila upande ulipoteza kidogo. Lakini ile barua ya baraza haikupelekwa. Mzee alifariki mwaka uliofuata, na katika mazishi yake mama huyo alikaa mbele pamoja na wafiwa, mahali pake.

Katika muhtasari sikuandika kitovu, wala urafiki, wala amani. Niliandika osotua, kisha nikaongeza mistari minne ya maelezo, ili karani ajaye asipate taabu.

Wasomaji wapenzi, hapana aliyekuwa mwovu katika habari hii. Kijana alisema kama alivyojua. Wana walijibu kama walivyosikia. Kiswahili nacho hakina kosa, maana ndicho kitukutanishacho Mwarusha na Mmeru, Mchaga na Mnyaturu, katika kanisa moja na soko moja. Kilichokosekana ni mtu mmoja katikati, mwenye kujua neno lile pande zote mbili. Zamani watu wa katikati walikuwa wengi, maana kila mtoto alikuwa mmoja wao. Leo wanapungua mwaka kwa mwaka, nasi hatuoni, kwa sababu neno linapoondoka halipigi kelele. Hutambulika siku linapohitajiwa.

Naona jambo hilo hata katika kitabu cha ubatizo. Wazazi vijana huja ofisini kuandikisha watoto wao, nao hupenda majina ya kwetu, na hilo ni jema. Huandika Naserian, au Namelok, au Nashipai, au Lemayian. Nami huwauliza, "Maana yake nini?" Wengine hujibu vema. Wengine hutazamana, kisha husema, "Ni jina la bibi tu." Basi huwaambia: Naserian ni wa amani. Namelok ni mtamu. Nashipai ni mwenye furaha. Lemayian ni wa baraka. Ningependa kila mtoto aambiwe hivyo na baba au mama yake, wala asingoje kuambiwa na karani.

Najua wako watakaosema kwamba kuyafuata maneno haya ni kurudisha ukabila. Nawajibu kwamba ukabila ni kumdharau mwenzako kwa sababu ya lugha yake. Kumfundisha mtoto neno la bibi yake si kumdharau mtu. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na katika siku ya Pentekoste Roho hakuwalazimisha watu waje kwenye lugha moja, bali kila mtu alisikia katika lugha aliyozaliwa nayo. Shirika la UNESCO lilitenga tarehe 21 Februari kuwa siku ya lugha ya mama, katika uamuzi wa mwaka 1999. Na mwaka 2021 shirika hilohilo likatenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili. Siku hizo mbili hazigombani. Tena Kiswahili chenyewe hupata faida. Leo magazeti huandika laigwanani bila kueleza, na katika migahawa ya Arusha mtu wa kabila lolote huagiza loshoro, yale mahindi na maziwa ya mgando yetu, akala na kushiba.

Wengine husema, "Mke wangu ametoka Singida, tutasema lugha gani nyumbani?" Semeni Kiswahili, kisha kila mmoja awape watoto kidogo cha kwao. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu huanza na kile mtoto akijuacho, ndipo humpeleka kwa kile asichokijua. Mtoto mwenye maneno mawili ya kitu kimoja anacho tayari cha kulinganishia. Akili yake haichoki kwa hayo, bali hunolewa.

Basi nashauri mambo manne, nayo hayana gharama.

Kwanza, msiwe wakalimani kati ya bibi na mjukuu kila mara. Waacheni wahangaike wenyewe. Mjukuu akileta sime badala ya kisu, atakumbuka tofauti yake maisha yake yote.

Pili, nunueni daftari moja la nyumbani mkaandike maneno. Lakini msiandike neno moja la Kiarusha na moja la Kiswahili mbele yake, kama orodha ya bei dukani. Andikeni nani hulisema, humwambia nani, na wakati gani. Pakiteng' bila ng'ombe aliyetolewa si kitu.

Tatu, mtoto anapobatizwa, mwelezeni jina lake, na mweleze tena akiisha kupata akili.

Nne, lililo kubwa: palipo na ugomvi, ugonjwa au kifo, msimtume mtoto kuchukua neno zito la mzee kulipeleka mbali. Wapeni wazee wenyewe simu, wasikie sauti zao. Na kama hapana budi atumwe mtoto, mwambieni alichukue neno kama lilivyo, kwa lugha lilimotoka, alifikishe bila kulifungua, kama mtu achukuaye kibuyu cha maziwa kilichofunikwa. Huko kiendako huenda yuko mmoja ajuaye kukifungua.

Wazee wetu bado wapo. Wanakaa juani asubuhi, nao hawana haraka. Jumapili hii, mkitoka kanisani, kaeni nao kidogo kabla ya kwenda mjini. Waulizeni neno moja tu. Wakiisha kuwaeleza, waambieni, "Ashe oleng."